Muhuri, Leso na Koti la Mitumba: Kuchapa Kitambaa kwa Mkono Lamu

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mitindo anayetaka kuchapa kitambaa kwa mkono, kisha kukigeuza vazi la kuvaliwa mtaani. Mwishoni utakuwa na vitu viwili: kipande cha merikani cha urefu wa leso, na koti la jinzi la mitumba lililochapwa kwa mpango wa leso. Tenga wiki tatu. Mbili kati ya hizo ni za kusubiri: mafuta yaingie kwenye mti na kutu ichachuke ndooni.

Kaa barazani kwanza

Chukua daftari, penseli na futi ya fundi cherehani. Kamera iache nyumbani. Kaa Mkunguni, mbele ya ngome, kuanzia baada ya alasiri mpaka jua likaribie kuzama. Kesho yake hamia ufukoni, mashua zinapofunga. Maua utayachora baadaye. Kwa sasa andika nguo inavyokunjwa, inavyofungwa, mkono unaishika wapi, na sehemu gani huchakaa kwanza.

Kikoi hukunjwa kiunoni mara mbili au tatu, kwa hiyo sentimita 12 hadi 15 za juu hazionekani kabisa, na ubavu mmoja wa mbele hufichwa na mwenziwe. Leso ikifungwa kiunoni, pindo la chini huning'inia karibu na vifundo na jina, yaani maneno yaliyochapwa, hukaa nyuma, likisomwa na aliyeachwa njiani. Ikitandwa kichwani, pindo ndilo huuzunguka uso, na mji wote, yaani uwanja wa katikati, hulala mgongoni. Buibui ni jeusi na limeshafunika kila kitu. Msichana anayejali mtindo huusemea kwenye kingo, yaani mkono wa gauni unaochungulia, mtandio, mkoba, viatu. Vijana wanaoswaga punda huvaa fulana au jezi ya mitumba juu ya kikoi au bukta, na begani ndipo panapochubuka kwa mizigo. Chapa uliyoihangaikia siku mbili, ukiipiga hapo, itaondoka ndani ya mwezi.

Mwanafunzi anayekuja na mchoro uliokwisha kukamilika chuoni huchapa vizuri na kushona vibaya. Ua huishia kwapani, jina humezwa na mkunjo wa kiuno. Ndiyo sababu vipimo vya barazani vinatangulia kisu na patasi.

Ukihitaji picha ya mtu, omba, na ukikataliwa usibembeleze. Nakshi za milango na za zidaka (vishubaka vya ukutani) unaweza kuzichora ukiwa njiani, lakini ukitaka kuingia ndani ya nyumba ubishe hodi na useme unachokifanya. Mchoro wa fundi aliye hai usiuchukue bure: mwagizie yeye muhuri. Na aya za Qur'ani hazichapwi kwenye suruali, nguo ya kukalia wala mkoba unaowekwa chini. Usisubiri mtu akukumbushe hilo.

Kwa nini mpango wa leso

London, mwaka 1976, katika duka lao la namba 430 King's Road, mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren walichukua mashati ya zamani yaliyobaki ghalani, wakayatia rangi kwa mkono na kuyapiga maneno kwa stensili. Vijana wa panki (punk, mtindo wa uasi wa muziki na mavazi) wakaendelea wenyewe kwa pini, viraka na rangi ya kupuliza. Ukilitazama shati la namna hiyo kwa jicho la Pwani, ugeni wake unapungua: ni nguo yenye jina. Leso imekuwa na jina tangu maandishi yake yalipokuwa kwa herufi za Kiarabu, na za mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zinatambulika mpaka leo kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla".

Tofauti iko mahali pa maneno. Panki huyaweka kifuani, yamkabili anayekuja. Leso huyaweka chini kidogo ya katikati, ndani ya kisanduku, na mvaaji akishapita ndipo yanasomeka. Kwenye koti la mtaani mpango wa leso una nguvu zaidi, kwa maoni yetu, kwa sababu mgongo wa koti ni uwanja mpana usiokatwa na vifungo wala mifuko: mji mgongoni, jina chini yake, pindo kwenye vikofi (miisho ya mikono ya koti) na ukingo wa chini.

Kitambaa

Anza na merikani ya pamba tupu yenye uzito wa gramu 140 hadi 180 kwa mita ya mraba, au bafta nene. Populini laini iache kwanza, kwani inaonyesha kila kosa. Kama muuzaji hana hakika na nyuzi zake, chomoa chache, zishike kwa kibanio na uzichome. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ya kijivu husagika vidoleni. Polista huyeyuka, hujikunyata na kuacha shanga ngumu. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Kwenye nguo ya mitumba chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si wa mshono, kwa sababu nguo nyingi za pamba zimeshonwa kwa uzi wa polista.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na wanga huo huizuia rangi. Kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu tumia lita 20 za maji, gramu 40 za magadi soda ya unga iliyosafishwa, na vijiko viwili vya sabuni ya maji. Chemsha kwa saa nzima ukigeuza kwa mti, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Chagua maji yako vizuri. Ya kisima chenye chumvi hushikana na sabuni, yakaacha utando unaong'ang'ania nyuzi na kuikataa rangi. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya machuguu ya mchanga wa Shela. Tumia hayo au ya mvua, japo kwa suuzo la mwisho tu.

Kitambaa kikishakauka, dondoshea tone la maji. Likinywewa ndani ya sekunde 3, uko tayari. Likikaa juu kama ushanga, rudia kuchemsha. Merikani hurudi kwa asilimia 5 hadi 10 katika mfuo wa kwanza, kwa hiyo kata sentimita 170 kwa 125 ili baada ya kufua na kunyoosha kingo ubaki na 150 kwa 110. Piga pasi kingali na unyevunyevu.

Muhuri wa ndara

Mti usubiri. Muhuri wa kwanza utengeneze kwa mpira wa ndara, kwa sababu kosa lake halina hasara. Dau la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, lilifunikwa kwa ndara zipatazo 30,000. Wewe unahitaji nne, na ufuko hautakunyima.

Osha ndara kwa sabuni, ikaushe, kisha sugua upande wa kukanyagia kwa msasa namba 80 mpaka alama zote ziondoke, umalizie kwa namba 220. Chora kwa kalamu ya wino. Kata kwa wembe au kisu cha karatasi, ukikilaza kisu nje kidogo ili kila mstari uwe mpana chini kuliko juu. Ukikata wima, au ukaingiza kisu chini ya mstari, mpira utajipinda ukikandamizwa na ukingo utapiga chapa mbili. Mstari usipungue milimita 3. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 mpaka isishike kidole, kisha bana mpira kwenye kipande cha plaiwudi cha milimita 18. Nyuma yake gongomea kipande cha mti cha kushikia.

Kila kitu kinatoka kinyume. Kama kuna herufi, ziandike kwenye karatasi inayopitisha mwanga, igeuze, kisha ufuatishe. Baada ya kukata, iangalie kwenye kioo: ikisomeka kiooni, itasomeka kitambaani.

Muhuri wa mti

Ukiridhika na mchoro, nenda kwa fundi wa nakshi. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi huligundua wakiwa wameshalipa: nakshi ya mlango husomwa kwa kivuli, lakini muhuri husomwa kwa uso wake. Fundi aliyezoea milango atayaviringa majani na kuyainamisha maua, kwani huko ndiko kuzuri kwa mlango. Jani lililoviringwa litagusa kitambaa kwa mgongo wake tu, na utapata kijistari badala ya jani. Mweleze tangu mwanzo kwamba uso wote wa juu ubaki bapa kama ulivyotoka kwenye randa, na uchimbaji uwe wa kwenda chini tu. Mpelekee mchoro wenye kipimo halisi, uliokwisha kugeuzwa, na uupake wino mweusi sehemu zitakazobaki juu.

Msaji uliokauka ni mzuri, na mwembe mkavu unafaa kwa michoro minene. Mbambakofi hushika mistari myembamba, ila ni mgumu na utamla fundi patasi na saa zake. Mti mbichi ukatae hata kwa bei ya kutupa: utapinda ndani ya mwezi, na muhuri uliopinda hauna dawa.

Kata sentimita 10 kwa 10, unene 4 hadi 5. Kipimo hiki kina sababu yake. Leso ya 150 kwa 110 inagawanyika kwa 10 bila mabaki: mihuri 15 upande mrefu, 11 upande mfupi, na pembe nne zitapata muhuri wake maalumu. Hakikisha uso ni bapa kwa kuusugua juu ya kioo kilichopakwa chaki; panapobaki bila chaki pamezama. Karibu na mistari chimba milimita 6, na penye uwazi mpana unaozidi sentimita 2 chimba hata 10, kwa sababu kitambaa kilicho juu ya blanketi hupanda kikikandamizwa na kuigusa sakafu ya muhuri. Penye eneo kubwa la kujaza, toboa matundu mawili matatu ya milimita 3 kwa kekee mpaka nyuma, hewa ipate njia. Bila hayo rangi hubaki na mapovu. Kwenye pembe mbili gongomea misumari midogo ya shaba itokeze milimita 1 tu. Alama zake ndizo zitakuonyesha pa kuweka muhuri unaofuata.

Mwisho, lowesha muhuri ndani ya mafuta ya ufuta siku 7 hadi 10, uufute, uuache kivulini siku mbili. Mti ulioshiba mafuta haunywi maji ya rangi, kwa hiyo hauvimbi.

Meza na kisahani

Meza ifike kiunoni, ipate mita 2 kwa 1.2. Tandika matabaka manne ya blanketi, juu yake merikani iliyovutwa vizuri. Kung'uta mchanga kila asubuhi. Lamu mchanga uko kila mahali, na punje moja chini ya kitambaa hutoa doa jeusi lililozungukwa na duara jeupe.

Kisahani cha rangi ni beseni bapa lenye sifongo ya godoro ya sentimita 2, iliyofunikwa kwa melimeli. Rangi hupakwa juu ya melimeli kwa brashi, haimiminwi.

Rangi ya gundi

Hii ndiyo ya kuanzia. Changanya gramu 500 za gundi ya kuchapia nguo na gramu 20 za rangi kwa kivuli cha wastani, au 40 kwa kilichokolea. Ukizidisha 50, gundi haiwezi tena kuibeba; chapa itapendeza mezani na kubaki mikononi mwa mvaaji. Kama gundi yako inahitaji dawa ya kushikiza, tia gramu 5 hadi 10 na utumie mchanganyiko siku hiyohiyo. Uzito uwe wa mtindi: ukiinua kijiti, rangi ishuke kama utepe, isidondoke matone. Ikiwa nzito usiongeze maji, ongeza gundi tupu, kwa maana maji huipeleka rangi pembeni ikifuata nyuzi. Mita moja ya mchoro ulio wazi hula gramu 60 hadi 80, pamoja na ile inayopotea kwenye sifongo.

Wakati wa kaskazi upepo ni mkavu na rangi hukauka juu ya muhuri kabla hujafika kitambaani. Tia gramu 10 hadi 15 za gliserini kwa kila gramu 500, na funga madirisha ya upande wa upepo. Wakati wa kusi, hasa masika, mambo hugeuka: chapa ya asubuhi bado inanata jioni. Usikunje. Tundika usiku kucha.

Weusi wa kutu na mkoko

Rangi hii ina taratibu ndefu, na inastahili. Maganda ya mkoko yana tanini nyingi; tanini ikikutana na chuma hutoa weusi usiohitaji gundi wala pasi, na kitambaa hubaki laini kama hakikuchapwa.

Wiki mbili kabla, weka ndani ya ndoo ya plastiki kilo 1 ya misumari na vyuma vyenye kutu, gramu 250 za sukari guru na lita 5 za maji. Misumari chakavu ya majahazi utaipata kwa mafundi wa Matondoni. Funika kwa kitambaa, si kwa mfuniko unaobana, kwani mchanganyiko huu huchacha na kutoa gesi. Koroga kila siku. Povu likishapanda na kutulia, na maji yakawa na rangi ya chai kavu na harufu kali ya uchachu, chuja.

Maganda usibandue kwenye mkoko ulio hai. Mti uliobanduliwa hufa, na ukataji wa mikoko unahitaji kibali. Okota maganda yaliyobaki wanapomenya boriti. Chemsha gramu 100 za maganda makavu kwa kila lita ya maji kwa saa moja, chuja, loweka merikani saa moja nyingine, kisha tundika kivulini bila kusuuza. Itakuwa na wekundu wa udongo. Hiyo ndiyo rangi ya uwanja wako.

Maji ya kutu hayachapiki yakiwa mepesi. Yape uzito kwa unga wa kokwa za ukwaju: kaanga kokwa, menya ganda la nje, saga, kisha koroga gramu 30 hadi 40 katika maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja ya maji ya kutu, na upike kwa moto mdogo mpaka uwe uji laini. Chuja kwa melimeli mara mbili, maana kidonge kimoja huziba mstari.

Ukipiga, chapa hutoka ya kijivu hafifu. Usiogope, na usirudie kupiga juu yake. Weusi hukolea wenyewe kadiri hewa inavyoingia. Iache siku mbili, kisha suuza maji mengi. Suuzo la pili liwe na kijiko kimoja cha chai cha baking soda kwa lita 10, kuua uchachu. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na madhara yake huonekana baada ya miezi: chuma kilichozidi na uchachu uliobaki hula pamba, kitambaa kikatoboka palepale penye mchoro. Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni.

Kupiga

Bana kitambaa mezani kwa pini, nyuzi zikiwa sawa na ukingo wa meza. Piga mistari ya mwongozo kwa uzi wa seremala uliopakwa chaki: mmoja sentimita 10 kutoka ukingo kuzunguka pande zote, huo ni mpaka wa pindo, na mwingine katikati ya kila upande. Anza pindo kutoka katikati kuelekea pembeni. Ukianzia pembeni, kosa la milimita 1 kwa kila muhuri hukusanyika, na muhuri wa kumi na tano utakuwa nje kwa sentimita moja na nusu. Ukianzia katikati, kosa hugawanyika na pembe hulimeza.

Gusa sifongo kwa muhuri mara mbili, ukiugeuza nyuzi 90 mara ya pili ili rangi ienee. Weka pembe moja yenye msumari kwanza, shusha sehemu iliyobaki taratibu, kisha gonga mgongo wa muhuri kwa kisigino cha kiganja pigo moja thabiti. Usiutikise kama muhuri wa ofisi. Inua wima. Kila mihuri 20 hivi, futa uso kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwenye mji, usifuate gridi ya pindo. Sogeza kila mstari wa pili nusu ya muhuri, yaani sentimita 5. Macho hayataziona safu, yataona uwanja. Mistari ya nje ipigwe kwanza, ya kujaza baadaye, na rangi hafifu kabla ya nzito.

Yakiharibika, soma chapa yenyewe. Kingo mbilimbili: muhuri ulisogea ulipogonga, au umeinua mshazari. Vitone vyeupe kama chumvi: rangi imeanza kukauka, au sifongo imekwisha rangi. Pembe zilizojaa na kufumba: rangi imezidi, piga mara mbili kwenye kitambaa chakavu kwanza. Kivuli cha mraba kuzunguka mchoro: sakafu ya muhuri inagusa, ama uchimbaji ni mfupi ama blanketi ni laini mno, toa tabaka moja uone. Upande mmoja hafifu kila mara: uso umepinda, au unagonga nje ya katikati. Rangi inayotambaa kando ya nyuzi: wanga haukutoka, au uliongeza maji ulipoambiwa usiongeze.

Ukimaliza, osha muhuri kwa mswaki na maji papo hapo. Usiuloweke, na usiuanike darini (juu ya paa) juani. Hupasuka kufuata nyuzi za mti.

Pasi

Chapa ya kutu haihitaji pasi. Ya gundi isipopigwa itaondoka kwenye mfuo wa pili, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote yaliyotajwa. Subiri saa 24 ikauke. Pasi iwe kwenye alama ya pamba, bila mvuke, upande wa nyuma, dakika 3 hadi 4 kwa kila eneo la ukubwa wa pasi. Hesabu kwa saa. Dakika tatu ni ndefu kuliko unavyodhani. Kwa pasi ya makaa, weka merikani kavu juu kuzuia majivu, na jaribu joto kwenye kipande chakavu: kikigeuka manjano, ni kali mno. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye maji, sugua chapa mara 20. Kikitoka na rangi, rudia pasi. Usifue kabla ya siku 3, na mfuo wa kwanza uwe wa maji baridi.

Koti

Chagua koti la jinzi la pamba tupu. Lenye mpira wa kuvutika liache, hasa ukitaka kutumia dawa ya kung'arisha, kwani klorini huula mpira huo na koti hulegea.

Ingiza ndani ya mgongo kipande cha plaiwudi kilichofungwa blanketi, kibane kwa pini. Pima kati ya mishono. Ukipata upana wa sentimita 34 na kimo cha 38, mihuri mitatu ya sentimita 10 inaingia na kubakiza 2 kila upande. Hizo 2 zihitaji, kwa sababu muhuri ukipanda juu ya mshono huning'inia na kuacha pengo jeupe. Mistari mitatu ya mihuri inachukua sentimita 30. Kwenye koti fupi kama hili piga mistari miwili tu, ubakize nafasi ya jina. Kisanduku cha jina kiwe 30 kwa 5, ukingo wake wa chini sentimita 6 juu ya mkanda wa kiuno, maana chini ya hapo kitambaa hukunjamana mvaaji akikaa kwenye bodaboda au mashuani.

Kwa herufi usichonge. Kata stensili kwenye filimu ya zamani ya eksirei, ukikumbuka kuacha madaraja, yaani vipande vinavyoshikilia kiini cha herufi kisianguke, kwenye A, D, O na R. Kwa herufi za kimo cha sentimita 3 na upana wa kama 1.4 pamoja na nafasi, sentimita 30 zinabeba herufi 21. "NJIA HAINA MWENYEWE" ina 19 ukihesabu na nafasi, na inakaa vizuri. Methali ndefu itakulazimisha upunguze herufi, na jina lisilosomeka hatua tano nyuma halina kazi. Paka kwa sifongo kavu yenye rangi kidogo sana, ukigonga wima.

Kwenye jinzi nyeusi au bluu iliyokolea, rangi ya kawaida hupotea. Tumia nyeupe nzito ya kufunika, matabaka mawili, pasi kati yake. Au fanya kama panki: ondoa rangi badala ya kuongeza. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huifanya jinzi ya bluu kuwa nyeupe yenye umanjano, na nyeusi nyingi huzigeuza kahawia au rangi ya chungwa. Tumia muhuri wa ndara peke yake, kwani dawa hii hula mti na shaba. Fanya kazi darini au uani penye hewa, uvae glavu na miwani, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani gesi inayotoka ni sumu. Subiri dakika 3 hadi 10 ukiangalia, suuza sana, kisha loweka dakika 10 katika lita 5 za maji zilizotiwa kikombe cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Bila hiyo, klorini iliyobaki huendelea kula, na ua lako litakuwa tundu.

Vikofi vifumue mshono wa pembeni kabla ya kuchapa, uvilaze bapa, upige pindo, ushone tena. Mabega yaache matupu.

Koti likishafuliwa mara tatu, mwazime kijana anayefanya kazi gatini alivae wiki moja. Likirudi, lilaze mezani na uzungushie chaki kila palipochubuka. Kabla ya kumwita fundi kwa muhuri wa pili, pima umbali wa kila duara kutoka mshono ulio karibu na uandike kwenye daftari lile lile la barazani.